Stroberi zangu 40 na kijiti cha mama mkwe

Mi stroberi nilianza kulima kwa hasira, sio utani. Ilikua 2021, mwanangu wa kwanza ana miaka mitano, tumeingia supamaketi moja hapa Arusha akaona kile kiboksi cha plastiki, stroberi zimepangwa zinawaka nyekundu, akaning'ang'ania mpaka watu wanatuangalia, nikanunua. Tumekaa kwenye daladala tukafungua, kang'ata moja akakunja uso afu akanirudishia kipande kilichobaki mkononi, ndani kweupeee kama tango. "Mama, hii haijaiva." Nikaonja na mi. Maji na uchachu basi. Na hela niliyotoa pale ningepata ndoo ndogo ya maembe na chenji ya nauli.

Sa hivi najua ilikua nini. Ndizi ukiikata mbichi ukaivundika inaiva, embe inaiva, parachichi ndo kabisa linaivia ndani kwenye kabati, yaani matunda mengi tuliyozoea nyumbani yanaendelea na maisha yake yakishatoka mtini. Stroberi haina hiyo kitu. Ikishakatwa kwenye kikonyo inaweza kuongeza wekundu kidogo lakini utamu unabaki uleule iliokua nao dakika ile, na ikiiva ya kuiva kweli inakua laini kiasi kwamba ukiibeba kilomita chache tu barabara ya vumbi unafika na juisi. Kwa hiyo anayeuza mbali lazima achume ikiwa bado ngumu, biashara yenyewe ndo inavyomlazimisha, hajatuibia mtu. Ila siku ile sikujua, nilikasirika tu nikasema hiki kitu ntalima mwenyewe mtoto wangu ajue ladha yake. Ukiniuliza mi mwenyewe nilikua naijulia wapi hiyo ladha, ya kwenye yogati labda.

Tulikua tumepanga Ngaramtoni, ile barabara ya kwenda Namanga, nyumba ina uwanja nyuma kama wa kuegesha gari mbili hivi. Kule baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 mlima Meru wenyewe unaweza usiuone wiki nzima, mawingu yamekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga. Watu wakanambia stroberi inapenda baridi, basi nikajiona nishamaliza kazi. Nikampata muuza miche mmoja kwenye simu, akaniuzia 40, elfu mbili mbili, jumla elfu themanini, akasema ni Chandler, ambayo ni aina ya siku nyingi, ilitoka Chuo Kikuu cha California kule Marekani miaka ya 1980 na wenzetu wa Kenya wanailima sana. Kama kweli ilikua Chandler sijui mpaka leo. Ilikuja na basi kwenye boksi la biskuti, mizizi imeviringishwa gazeti bichi, nusu ya majani yameshalala.

Nikapanda siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi wa 3, masika ndo inafunguka, majirani wote wako kwenye mahindi, na mi nikaona ndo wakati wenyewe huu. Nikachimba mashimo ya kueleweka, nikatia samadi mbichi ya ng'ombe maana ndo iliyokuwepo, nikazamisha kila mche mpaka shingoni ili usimame vizuri, nikashindilia na kiganja. Nilijisikia mkulima!

Kulikua na babu mmoja jirani yetu, alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya maua kule Usa River kabla hajastaafu, mtu wa maneno machache sana. Alikua anapita na kidumu chake akasimama kwenye ua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama. Unapanda kabichi?"

"Stroberi babu."

Akaweka kidumu chini, akaingia, akainama kwenye mche wa kwanza akaufukua kidogo na kidole. "Mwanangu, huyu umemzika," akasema, afu akaangalia tuta lote. "Umewazika wote."

Akanionyesha kitu ambacho kama ningekijua mapema ningeokoa hela yangu. Stroberi ina moyo, pale katikati majani yanapochipukia, kifundo kidogo kama ncha ya kidole. Ule moyo unatakiwa ukae sawasawa na uso wa udongo, ukiuzamisha unaoza, ukiuacha juu sana mizizi inakauka. Hapo katikati hamna uwanja mpana, ni kama sentimita moja hivi ya kukosea. Nikarekebisha jioni ile na tochi ya simu, mingine ilikua imeshavunjika kwa ile kushindilia kwangu, na mvua ikaanza usiku huohuo ikanyesha kama siku tisa bila kupumzika vizuri. Tuta langu lilikua la chini, maji yakatuama, samadi mbichi ikachoma mizizi iliyobaki hai. Mwezi wa 5 ulivyokwisha nikahesabu, imebaki 11.

Mume wangu hakusema kitu siku ile, nampa heshima yake. Alikuja kusema baadae tulivyochuma kwa mara ya kwanza, stroberi saba, ndogo ndogo saizi ya karanga yenye ganda, nimeziweka kwenye sahani ya chai katikati ya meza. Akaangalia sahani, akaniangalia. "Kwa hiyo hapa kila moja ni elfu kumi na moja na ushee." Nikapiga hesabu kichwani nikakuta kapunja, alisahau samadi.

Ila jamani zile saba. Kuna moja ilikua imeiva mpaka mabegani, yaani hata pale chini ya majani hamna weupe, nilivyoikata na meno harufu ilikuja kabla ya utamu, ikapanda puani, afu ndo utamu afu mwishoni kauchachu kadogo. Mwanangu alikula mbili akanyamaza, akauliza "zingine ziko wapi?" Ndo hapo nikajua siachi.

Na udogo wake ulikua ni makosa yangu vilevile. Babu alishanambia maua ya mwanzo niyakate yote ili mche ujenge mizizi na majani kwanza. We, mtu umepoteza miche 29, unaona ua jeupe la kwanza limefunguka asubuhi lina umande, unaambiwa likate? Sikukata hata moja. Mche mchanga ukahangaika kulea watoto wakati wenyewe bado mtoto. Safari iliyofuata nilikata, nilikata huku naangalia pembeni lakini nilikata, na miezi miwili mbele tofauti ilionekana mpaka kwa jicho la mtu wa kupita.

Baada ya hapo nikahamia kwenye ndoo za rangi na matairi, maana uwanja wenyewe wa kupanga huwezi kujenga matuta ya kudumu. Ndoo nimetoboa chini matundu sita saba, chini kabisa kokoto kidogo, juu udongo wa msitu nimechanganya na mboji iliyoiva kabisa na pumba za mpunga ili maji yapite. Juu ya udongo nyasi kavu. Hizi nyasi nilidhani ni urembo, kumbe ndo zinafanya tunda lisilalie udongo, maana likigusa udongo mbichi siku mbili limeshapata ule ukungu wa kijivu wenye manyoya, na likipata moja linaambukiza jirani yake. Ukiliona toa papo hapo katupe mbali, usiliache hapo eti litakua mbolea.

Miche nayo sikununua tena. Stroberi inatoa kamba, zinatambaa juu ya udongo, kila baada ya hatua kidogo kamba inatoa kamche kenye mizizi midogo. Unakaelekeza kwenye kopo lenye udongo, unakabana na kijiwe au waya wa hanga, wiki tatu nne kameshika, unakata kamba, umepata mche bure. Kutoka 11 nilifika sitini na kitu ndani ya mwaka, na nyingine nimegawa mpaka kwa mama wa genge. Raha nyingine ya huku kwetu karibu na ikweta ni kwamba mchana na usiku vinalingana karibu mwaka mzima, kwa hiyo kwenye baridi kama ile stroberi inatoa kidogo kidogo miezi mingi. Shemeji yangu aliyeko Uingereza ananambia wao zao la nje ni kiangazi tu, mwezi wa 6 wa 7 wanakula na krimu wakiangalia tenisi Wimbledon, basi. Nikamwambia sisi tenisi hatuna ila tunachuma hata Krismasi.

Sasa maadui. Wa kwanza konokono, wale wenye gamba na wale wasio na gamba, hawa wa pili ndo wabaya zaidi maana wanajificha hata chini ya jani moja. Wanakuja usiku, wanatoboa tunda lililoiva tu, mbichi hawagusi, wana akili kuliko muuza miche wangu. Nilijaribu majivu, yanafanya kazi mpaka mvua ya kwanza. Nilijaribu maganda ya mayai, sikuona chochote, nafikiri hata walikua wanayapanda. Chumvi nakukataza, utaua konokono na udongo wako pamoja. Kilichofanya kazi ni viwili. Kwanza kutoka na tochi saa tatu usiku na kopo la maji ya sabuni, unawaokota mmoja mmoja, siku ya kwanza nilipata 43 kwenye uwanja ule mdogo. Pili ni bia. Unafukia kikopo cha majarini mdomo uwe sawa na udongo, unamimina bia kidogo, wanafuata harufu wanadumbukia. Hii ilifanya kazi vizuri sana mpaka siku mume wangu alipofungua friji akauliza mbona chupa yake imepungua vidole viwili na kifuniko kimerudishwa, nikamwambia ukweli, akatoka na tochi kwenda kuangalia mwenyewe. Akarudi akasema, "Wamelewa kweli." Tangu siku hiyo akawa ananunua moja ya bei ya chini kwa ajili yao, na nadhani ndo siku aliyoanza kuipenda bustani.

Adui wa pili ndege. Shore, na wale wenye mkia mrefu kama panya wanaotembea kwa kikundi, wengine wanawaita pasa. Shore anakula moja anamaliza, pasa wanakuja nane wanaonja zote. Nikachukua chandarua kilichochanika (kizima ni cha kulalia jamani tusije tukaeleweka vibaya), nikakitandaza juu ya vijiti nikafunga pembeni na mawe, ndege hawaingii, nikalala usingizi.

Wiki kama tatu mbele naanza kuchuma vituko. Stroberi upande mmoja umevimba, upande wa pili umesinyaa, vidoti vimebanana kama vipele, nyingine ina umbo la sikio. Nikadhani ugonjwa. Nilivyokua nazichambua mezani mwanangu akauliza kitu ambacho mi mtu mzima sikuwahi kujiuliza: "Mama, mbona mbegu zake ziko nje?"

Nikaenda kutafuta. Kumbe vile vidoti vya nje kila kimoja ndo tunda lenyewe, kimebeba mbegu yake ndani, na ile nyama nyekundu tunayokula ni kitako cha ua kilichovimba. Na kinavimba pale tu ambapo kidoti kimepata chavua, vidoti vya upande huu visipopata, upande huu hauvimbi. Sasa anayetembeza chavua vizuri ni nyuki, na mi nimemfungia nyuki nje na chandarua ambacho hata mbu hapiti! Nilijiona mjinga lakini pia nilifurahi, sijui kama unaelewa, kitu kimoja kimeeleza kingine. Nikabadilisha, kuanzia saa tatu asubuhi jua likishapasha nafunua, saa tisa alasiri nafunika, maana ndege wanashambulia zaidi alfajiri na jioni. Maumbo yakarudi sawa. Nyuki wakija huwa nasimama tu naangalia, anazunguka lile ua dogo kama mtu anayefuta meza ya duara.

Biashara nayo nilijaribu, sitaki kujifanya mtakatifu. Mitandaoni kuna watu wanakuandikia heka moja ya stroberi itakupa milioni kadhaa, hesabu imenyooka kama rula. 2022 nikakusanya kilo mbili, nikazipanga kwenye bakuli kubwa, nikapanda daladala mpaka mjini kwenye mgahawa mmoja. Nimefika, za chini zimeshakua uji. Mpishi alikua mtu mzuri, akachukua moja ya juu akainusa muda mrefu, akala, akafumba macho. Akasema hii ni tamu kuliko tunayoletewa. Afu akasema, "Dada, nahitaji kilo tano kila Jumanne na kila Ijumaa, mvua na jua, utaweza?" Mi na ndoo zangu sitini. Tukacheka wote. Alinunua zile nzima akanipa ushauri bure: chuma alfajiri kabla jua halijazipiga, acha na kikonyo chake na majani, usioshe mpaka muda wa kula, na usipange zaidi ya safu mbili. Ushauri mzuri, nautumia mpaka leo kwa zile za kupeleka kwa watu. Za chini nilirudi nazo nikapika jamu, nayo ikawa maji siku ya kwanza kwa sababu stroberi ina pektini kidogo, ile inayofanya jamu ishikane, lazima uongeze ndimu au limao. Ya pili ilikubali. Biashara nikaishia hapo, na sijawahi kuijutia.

Karakara, yaani pasheni, ntaisema kwa kifupi maana ndo inaniingiza kwa mama mkwe. Nilipanda mbili, ile ya zambarau ya nchi za baridi, zikapanda haraka ajabu, mmoja ukafa wote ndani ya wiki kwa mnyauko, mwingine ukabaki na ukazaa. Ukiwa nayo usichume, subiri lianguke lenyewe likunjamane kidogo chini, hapo ndo tamu. Basi.

Mwezi wa 8 mwaka ule ule wa 2021 mama mkwe alikuja kutoka Marangu kumwona mjukuu mdogo. Huyu mama hawezi kukaa. Siku ya pili asubuhi naamka namkuta uwanjani kakunja kanga, anaangalia karakara yangu ilivyolala chini. "Mkwe wangu, huu mti mbona unagaagaa?" Babu jirani alikua kapogoa miti yake nyuma ya nyumba jana yake, matawi kayarundika njiani, mama mkwe akaenda kuyachambua, akarudi na fito tano zilizonyooka, akazichonga ncha na panga la jikoni akazigonga ardhini na jiwe, akafunga waya, karakara ikasimama. Siku ya nne akaondoka.

Mwezi wa 11 vuli imeingia nikaona fito mbili kati ya zile zina macho ya kijani. Nikadhani karakara imezizungukia. Nasogea, majani mapana, yana meno pembeni, mengine yamegawanyika kama kiganja, na katikati ya jani na fito kuna vitu vidogo vya kijani kama viwavi. Nilisimama pale nikarudi Korogwe moja kwa moja, darasa la tatu, mti nyuma ya choo cha shule, mwalimu wa zamu anatupanga mstari na kukagua midomo, mwenye mdomo mweusi anatoka mbele. Forosadi! Mi nimeteseka na stroberi kama nalea mtoto njiti, na mti wa forosadi umeota wenyewe kwenye uwanja wangu ukiwa fito ya kuegeshea karakara, umegongwa na jiwe.

Nikamfuata babu. "Babu, zile fito zilikua forosadi?" "Ndio." "Mbona hukunambia?" Akafikiri. "Hukuuliza mama."

Kwa wasiojua, mforosadi ndo mti ambao majani yake wanalishwa viwavi wa hariri. Unakata tawi unene wa penseli au wa kidole, urefu wa shubiri moja na nusu hivi, liwe na macho matatu manne, unachomeka macho mawili chini ya udongo, unaweka maji, unasahau. Sasa kijiti ukikiacha kinakua jitu, na matunda yote yanapanda juu yanakua ya ndege. Babu alinifundisha kupogoa: ukishamaliza kuvuna unakata matawi yarudi nyuma na kupukutisha majani yote yaliyobaki, mti unabaki uchi kama umekufa, unaogopa kabisa, afu wiki chache unachipua upya na kila chipukizi linakuja na matunda yake. Tunda linatoka kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo usipokata unajinyima mwenyewe. Nilikua nakata mara mbili kwa mwaka.

Kufika 2023 ule mti ulikua unatuendesha. Asubuhi watoto wanatoka na sare kwenda shule wanapitia pale. Shati jeupe. Ntakwambia kitu kuhusu doa la forosadi, nilisugua na sabuni ya mche, doa likageuka bluu mbele ya macho yangu, bluu kabisa kama wino. Nikapiga simu Marangu. Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa, "Mwanangu, chukua lile bichi, jekundu ambalo halijaiva, lisugulie hapo." Nikasugulia na tunda bichi, chachu hilo, bluu ikarudi kuwa pinki, nikasuuza, pinki ikafifia. Limao nalo linafanya vilevile, ni ule uchachu tu. Halikuisha lote, kuna kivuli kilibaki chini ya mfuko, lakini ukiwa mwalimu wa zamu huwezi kukiona mpaka uwe na roho mbaya.

Na ndege wakahama. Hii sikuitegemea kabisa, forosadi ikiwa imeiva shore na pasa hawakua na habari na stroberi, wote juu ya mti kelele asubuhi mpaka jioni, chandarua nikakiweka ndani. Tatizo wakishiba wanakaa kwenye kamba ya nguo. Mume wangu alivaa shati lake la kanisani lina alama tatu za zambarau begani zimeshuka kama nyota za afande, na hatukugundua mpaka tumefika.

Watoto wa mtaa nao. Mwanzo walikua wanaomba, baadae wanaingia tu, wanapanda, wananiachia viatu chini ya mti. Stroberi mtu alikua haruhusiwi kugusa bila ruhusa yangu, nilikua nazijua kwa idadi, leo kuna nne, za kesho kuna mbili, na mtu akila moja najua. Forosadi nani atahesabu? Mgeni akija nampa bakuli aende kujichumia, anarudi na vidole vyeusi na habari mpya. Sokoni huwezi kuipata, hata Tengeru siku ya soko Jumatano au Jumamosi utapata kila kitu ila forosadi utatafuta sana, maana ukichuma asubuhi jioni imeshalegea inavuja. Inaliwa pale pale ilipo. Na kusema ukweli kwa ladha tu, stroberi iliyoivia kwenye mche inaishinda, sitadanganya kwa ajili ya hadithi. Forosadi ni tamu tu, tamu ya moja kwa moja, haina ile harufu ya kupanda puani. Lakini sahani ya stroberi ilikua tunagawana kwa kuhesabu na forosadi tulikua tunakula mpaka mtu anasema tumbo.

Mwaka jana mwezi wa 8 mwenye nyumba akasema anataka nyumba yake, mwanae anaoa. Hamna ugomvi, nyumba ni yake. Tukapata nyingine upande wa pili wa mji, Tengeru. Stroberi zilipanda kwenye kirikuu ndoo kwa ndoo, dereva anauliza mama haya maua ni ya kuuza, nikamwambia ni chakula. Karakara ilikua imeshazeeka. Mforosadi nikauzunguka tu. Ulikua umenenepa kuliko mguu wangu, waya wa mama mkwe umezama ndani ya gamba hauonekani tena, nikahisi kama naacha mtu. Mwanangu akaniuliza kama wapangaji wapya watajua kupukutisha majani, nikamwambia kwanza huyo anayeoa atajifunza kufua.

Nikakata vijiti sita. Nikavifunga kwenye gazeti bichi, nikavipakata mwenyewe mbele kwa dereva. Babu alikuja kuaga akaona lile gazeti, akatingisha kichwa, akasema safari hii macho mawili chini, sio yote.

Tengeru kuna joto kidogo kuliko Ngaramtoni, stroberi zinalalamika mchana, nimezisogeza kwenye kivuli cha ukuta. Vijiti vyote sita viko kwenye mstari kando ya uzio, vinne vimeshatoa macho. Jana asubuhi nakunywa chai mlangoni shore mmoja akaja akatua kwenye cha katikati, kile kisicho na jani hata moja, akageuza kichwa huku, akageuza kule, akachungulia chini, hamna kitu, akaruka akaenda zake.